Nimefunga laini nne, mbona TV zote zinapita kwenye moja?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mtandao wa hoteli moja hapa Dodoma, si mbali na Bunge. Tuna majengo mawili. TV za vyumbani zinalishwa na seva moja iliyo kwenye chumba cha mitambo jengo la kwanza: chaneli 70, kati yake 50 ni HD za kama megabiti 9 kwa sekunde na 20 ni za kawaida za megabiti 3. Zote zinatumwa kwa multikasti kwenye VLAN yake, na ving'amuzi vina poti za gigabiti. Anwani za chaneli zinaanza 239.1.1.4, halafu 239.1.1.8, zinaruka nne nne hivyo hadi mwisho. Kati ya switchi kuu na switchi ya jengo la pili kuna laini nne za gigabiti moja moja, zimefungwa kwa LACP, na intaneti ya wageni inapita humohumo. Wageni wakijaa, hasa jioni wakati wa vikao vya Bunge, picha za jengo la pili zinavunjika vipande. Nikiangalia poti, data inayokwenda jengo la pili imejaa laini moja kwa asilimia 90, tatu zimelala. Inayorudi imegawanyika vizuri tu. Fundi anasema switchi imechoka, tununue nyingine. Je, naweza kuilazimisha igawe multikasti sawasawa, pakiti moja laini hii, inayofuata laini ile? Nyongeza: mwaka jana fundi alizima IGMP snupingi kwa sababu TV zilikuwa zinaganda zikikaa kama dakika nne kwenye chaneli moja."*

Ndugu yangu, umeleta swali moja lakini ndani yake yamo matatu, na hilo ulilolitia mwishoni kama nyongeza ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Kwa msomaji mgeni: VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya switchi ileile, LACP ni itifaki ya kufunga laini kadhaa ziwe fungu moja, na multikasti ni mtumaji kutuma nakala moja inayopokelewa na wote walioiomba. Kwanza nikutoe hofu ya switchi: kwa maelezo haya sioni dalili yoyote ya uchovu. Inafanya hasa kile ilichoambiwa, ila ilichoambiwa hakifai kwa mtandao wenye TV.

Laini nne za gigabiti zikifungwa pamoja hubaki laini nne. Kila moja ina mwisho wake wa gigabiti moja, na mtiririko mmoja wa data hauwezi kuvuka mwisho huo hata laini zingine tatu ziwe tupu. LACP nayo haigawi chochote. Kazi yake ni switchi mbili kupatana kwamba laini hizi ni za fungu moja, na kuiondoa laini iliyokatika. Kiwango cha IEEE 802.3ad kilichotoka mwaka 2000, ambacho tangu 2008 kimehamishiwa kwenye 802.1AX, kinasisitiza kwamba fremu (vifurushi vya data) za mazungumzo mamoja zisifike zikiwa zimepishana. Namna ya kuzigawa kwenye laini kimemwachia mtengenezaji wa switchi aamue.

Watengenezaji karibu wote wameamua jambo moja: hesabu ya hashi. Fremu inapofika, switchi inachukua namba fulani zilizoandikwa kwenye kichwa chake, inazipigia hesabu ndogo, na jibu ndilo linaloteua laini. Namba zikiwa zilezile, jibu ni lilelile, kwa hiyo mtiririko mmoja hubaki kwenye laini moja tangu mwanzo hadi mwisho. Switchi haiangalii laini ipi imejaa na ipi iko wazi. Mchukulie karani wa zahanati anayewagawa wagonjwa kwenye madirisha manne kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo: kwa kijiji cha Wagogo kule Chamwino, dirisha la herufi M litafurika huku mwenzake wa dirisha la mwisho akisinzia, na karani hajakosea kitu.

Sasa swali ni switchi yenu inaangalia namba zipi. Switchi nyingi za ofisini, zikiwemo Cisco Catalyst za familia ya 2960 na 3750, zikitoka kiwandani huangalia anwani ya MAC ya mtumaji peke yake, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kilichotuma. Weka hilo kwenye hoteli yenu. Chaneli 70 zote zinatoka kwenye seva moja, yaani MAC moja. Intaneti yote ya wageni, iwe inatoka wapi duniani, ikifika jengo la pili imebeba MAC ya ruta, nayo ni moja. Watumaji wawili tu, kwa hiyo hata bahati ikiwa nzuri mtatumia laini mbili. Bahati yenu haikuwa nzuri, wote wawili wameangukia laini moja. Na ndiyo maana data inayorudi imegawanyika vizuri: huko watumaji ni simu na kompyuta za wageni, kila kimoja na MAC yake. Uliponiandikia kwamba kurudi ni sawa na kwenda ni vibaya, ulikuwa umeshautaja ugonjwa. Kila upande hupiga hesabu yake kwa kile unachokituma, kwa hiyo dawa ya jengo la pili inawekwa kwenye switchi kuu.

Kuhusu kugawa pakiti moja huku na nyingine kule, jibu langu ni hapana, na nisingekushauri hata kama switchi yenu ina uwezo huo. Pakiti ya TV ya namna hii kwa kawaida hubeba vipande saba vya baiti 188, jumla 1316. Chaneli ya megabiti 9 inatoa pakiti zipatazo 850 kila sekunde. Ukizitawanya kwenye laini nne zenye foleni tofauti, baadhi zitawapita wenzao njiani. Ukurasa wa intaneti hauna shida na hilo kwa sababu TCP huzipanga upya na kuomba zilizopotea. TV yenu inapita kwenye UDP, isiyopanga upya wala kuomba kilichopotea, na kama haikufungwa ndani ya RTP (inayozipa pakiti namba za mpangilio), namba pekee ya kufuatilia mpangilio ni kihesabio kidogo cha kila mkondo kinachozunguka 0 hadi 15. Hicho kinamwezesha king'amuzi kujua kuna kasoro, kurekebisha hakiwezi. Matokeo ni yaleyale unayoyakimbia, na pakiti iliyoharibika ikiwa ni sehemu ya picha kamili (zingine hubeba mabadiliko tu), uharibifu unabaki kwenye skrini hadi picha kamili inayofuata ije.

Twende kwenye ile nyongeza.

Multikasti ina sifa ambayo wengi huisahau wanapopiga hesabu ya hoteli: chaneli ikitazamwa na vyumba 60 jengo la pili, kwenye fungu inapita mara moja tu. Switchi ya jengo la pili ndiyo inayotoa nakala kwa vyumba. Na chaneli isiyotazamwa na mtu haitakiwi kupita kabisa. Anayejua nani anataka nini ni IGMP snupingi: switchi inasikiliza maombi ya ving'amuzi (IGMP ndiyo lugha ya maombi hayo) na kuandika kwamba poti hii inataka chaneli ile. Snupingi ikizimwa, switchi haina habari hiyo, kwa hiyo inamwaga chaneli zote 70 kila mahali ndani ya VLAN. Piga hesabu: 50 mara 9 ni 450, 20 mara 3 ni 60, jumla megabiti 510 kwa sekunde. Angalia ile laini saa tisa usiku wageni wote wamelala. Naamini utaikuta na nusu gigabiti inayopita bila mtazamaji. Jioni wageni wakianza kuvuta kama megabiti 400 za intaneti juu yake, umefika asilimia 90. Na asilimia 90 ni wastani wa dakika kadhaa. Ndani ya milisekunde chache foleni ya poti inajaa, inatupa pakiti kidogo, inajaa tena, na kati ya inazotupa zimo vipande vya picha za watu. (Mshukuru aliyenunua ving'amuzi vya gigabiti na aliyeitenga VLAN. TV nyingi zina poti ya megabiti 100 tu, na kwa mmwago huo zisingeonyesha picha siku yoyote.)

Kwa hiyo snupingi lazima irudi. Lakini fundi wako hakuizima kwa uvivu, TV zilikuwa zinaganda kweli. Zile dakika nne ndizo zinazotuambia sababu. Orodha ya snupingi ina muda wa kuishi: kwa viwango vya kawaida vya IGMP, poti isiyothibitisha kwa sekunde 260 inafutwa, yaani dakika nne na sekunde 20. Kinachofanya ving'amuzi vithibitishe ni kifaa kinachouliza kila baada ya sekunde 125, "Nani bado anataka chaneli gani?" Kifaa hicho huitwa kweria. Kwa kawaida ruta yenye multikasti ndiyo hufanya kazi hiyo, lakini VLAN yenu ya TV ina seva na ving'amuzi tu, hakuna ruta inayouliza. King'amuzi kinaomba chaneli mara moja kinapofunguliwa, hakuna anayekiuliza tena, sekunde 260 zinakwisha, jina linafutwa, picha inaganda. Mgeni akibadili chaneli na kurudi, inacheza tena dakika nne. Kama ndivyo ilivyokuwa, hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Dawa yake ni kuwasha kweria ya IGMP ndani ya VLAN ya TV kwenye switchi kuu na kuipa anwani ya IP ya VLAN hiyo. Hakikisha inauliza: washa snupingi kwenye switchi kuu, kisha ving'amuzi viwili vya majaribio vikae kwenye chaneli moja kwa dakika kumi. Vikivuka salama, iwashe na kwenye switchi ya jengo la pili. Ukitaka kweria ya akiba kwenye switchi ya pili unaweza. Kwenye IGMP toleo la 2 na la 3 mwenye anwani ndogo ya IP ndiye anayeuliza, mwingine ananyamaza akisubiri. Faida ya akiba utaiona umeme ukikatika na switchi kuu ikachelewa kuamka kuliko TV. Kitu kimoja zaidi: snupingi hulihesabu fungu lenu kama poti moja, kwa hiyo laini moja ikikatika chaneli zinahamia zilizobaki bila ving'amuzi kuomba upya.

Hatua ya pili ni kubadili hesabu ya hashi. Kwenye switchi kuu iondoe kwenye MAC ya mtumaji, iweke kwenye IP ya mtumaji pamoja na IP ya mpokeaji. Kwa intaneti, seva ni nyingi na wageni ni wengi, itatawanyika yenyewe. Kwa TV, mtumaji anabaki mmoja lakini mpokeaji ni anwani ya chaneli, na hizo ziko 70. Switchi nyingine hukubali pia kuongeza namba za poti za UDP. Haidhuru, ila isikudanganye: kama chaneli zote zinatumia poti moja, kama ilivyo kwenye seva nyingi, hiyo haiongezi tofauti yoyote. Kumbuka pia kwamba kwenye modeli nyingi mpangilio huu ni wa switchi nzima, unagusa mafungu yote. Ufanye alfajiri, na uhifadhi nakala ya mpangilio wa zamani kabla hujagusa.

Baada ya hapo unaweza kukuta intaneti imetawanyika lakini TV bado zimerundikana. Usishtuke. Hapa ndipo anwani zako zinazoruka nne nne zinapoleta balaa. Switchi ndogo nyingi huchukua tarakimu za mwisho kabisa za anwani kwa mfumo wa jozi (wa 0 na 1), na kwa laini nne zinazoamua ni biti mbili za mwisho. Namba 4, 8, 12, 16 zote ukizigawa kwa nne hubaki sifuri, maana yake biti hizo mbili ni zilezile kwa chaneli zote 70. Mtumaji habadiliki, mpokeaji habadiliki mahali panapoangaliwa, laini ni moja. Aliyepanga hivyo bila shaka alitaka nafasi ya kuongeza kitu katikati baadaye. Switchi kubwa hupiga hesabu ngumu zaidi inayochanganya biti zote, hizo haziathiriki sana.

Ukiamua kubadili, zipange mfululizo: 239.10.1.1, 239.10.1.2, hadi 239.10.1.70. Zichanganye HD na za kawaida; ukiweka HD zote kwenye namba witiri na za kawaida kwenye shufwa, utakuwa umerudisha upogo kwa mkono wako. Jiepushe na 239.0.0 na 239.128.0 kwenye namba tatu za mwanzo. Anwani ya multikasti inapogeuzwa kuwa MAC, biti 23 tu za chini ndizo hubebwa kati ya 28, kwa hiyo kila MAC moja inawakilisha anwani 32 tofauti. Hizo mbili nilizozitaja huangukia MAC za 224.0.0, ambazo ni za mazungumzo ya mitambo yenyewe, na switchi nyingi huzimwaga kila poti hata snupingi ikiwa imewashwa.

Lakini hii ya kubadili anwani isikufanye ukeshe. Tuseme kweria inafanya kazi, snupingi imerudi, na jioni ya pilikapilika jengo la pili linatazama chaneli 20 tofauti, zote HD. Hiyo ni megabiti 180. Hata zikirundikana laini moja pamoja na robo ya intaneti yenu, megabiti 100, hujafika hata theluthi ya gigabiti. Picha zikishatulia, acha zirundikane. Lengo lako ni pakiti zisitupwe, si grafu nne zenye urefu mmoja. Usawa kamili hautaupata kwa njia yoyote ile, kwa sababu hashi inagawa mitiririko bila kujua uzito wake, na wageni wenyewe hawatazami sawasawa. Siku ya Simba na Yanga nusu ya jengo iko kwenye chaneli moja.

Ningeongeza jambo moja ambalo hukuuliza: ipe TV kipaumbele. Switchi nyingi zinazoweza LACP zinaweza pia kutenga foleni. Weka VLAN ya TV kwenye foleni ya juu, ili laini ikijaa kinachosubiri kiwe intaneti. Mgeni atapakua faili kwa sekunde mbili zaidi na wala hatajua. Picha ikivunjika anapiga simu mapokezi.

Wapo wanaopendelea kuvunja fungu: laini mbili za TV, mbili za intaneti. Inaeleweka kwa haraka na mtu mmoja anaweza kuisimamia, siibezi. Gharama yake ni kwamba intaneti ikielemewa haiwezi kuazima nafasi ya TV iliyo wazi, na inabidi uwe makini na spaningi-trii (kinga ya switchi dhidi ya data kuzunguka bila mwisho) isije ikafunga nusu ya laini zako. Kwenu sioni haja.

Sasa suala la kununua. Kama mnapanga kuongeza chaneli za 4K au jengo la tatu, laini moja ya gigabiti 10 ni bora kuliko laini nyingi za gigabiti moja, kwa sababu inakuondolea hesabu yote hii ya nani aende wapi. Kabla hamjaagiza, soma maandishi kwenye ganda la kebo. Mkongo wa OM3 unabeba gigabiti 10 hadi mita 300 kwa moduli za kawaida za masafa mafupi, lakini OM1 ya zamani inaishia mita 33. Kebo ya shaba ya Cat6 ni mita 55 hivi, Cat6A mita 100. Na kama laini nne zinazounganisha majengo yenu ni za shaba zinazopita nje, ningeanza kuzibadili kuwa mkongo hata kabla ya kuwaza kasi, maana mvua za Dodoma zikianza Desemba huja na radi, na shaba kati ya majengo mawili huipeleka radi hadi ndani ya switchi.

Kuna hali ambazo hupaswi kuhangaika peke yako. Ukiona kihesabio cha makosa ya CRC (fremu zilizofika zikiwa zimeharibika) kinapanda kwenye laini yoyote, hiyo si hashi, ni kebo, moduli au kichwa cha mkongo chenye vumbi, na vumbi la hapa mnalijua. Anatakiwa mtu mwenye vifaa vya kupima na kusafisha. Ukikuta upande mmoja wa fungu umewekwa LACP na mwingine umefungwa kwa lazima bila mapatano, usirekebishe ukiwa mbali kwa rimoti. Unaweza kujifungia nje au kuzungusha trafiki hadi hoteli nzima isimame. Na kama TV na seva ziko kwenye VLAN tofauti na kuna PIM inayoelekeza multikasti kati yao, mwite mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu fungu linaweza kuwa salama na tatizo likawa juu yake.

Fundi wako naye usimfukuze. Mwonyeshe vitu vitatu: aina ya hashi iliyowekwa kwenye switchi kuu, trafiki ya ile laini saa tisa usiku, na idadi ya pakiti zilizotupwa kwenye poti hiyo kabla na baada ya kubadili. Pakiti zikiendelea kutupwa wakati laini zote nne ziko chini ya nusu, hapo hoja yake ya switchi kuchoka, au angalau kuwa na foleni ndogo kupita kiasi, nitaisikiliza.